Amani Imesainiwa, Nani Anapita Mpakani?

Hotuba hii niliitoa hapa Arusha Jumamosi iliyopita mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, walimu wao na baadhi ya wazazi. Waliokosa nafasi ya kuja waliniomba niiandike. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na ninyi vijana, marahaba, maana salamu zenu nimezisikia tangu nikiwa getini.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa shule hii alinifuata nikiwa nafunga daftari. Akaniuliza: "Mwalimu, yule Abiy Ahmed wa Ethiopia, alistahili kupewa Nobel ya amani au hakustahili?" Nilitaka kumjibu palepale kwa neno moja. Nikajizuia. Nikamwomba mkuu wa shule anipe asubuhi hii, kwa sababu neno moja lingekuwa dhuluma. Lingemdhulumu Abiy, na lingewadhulumu zaidi watu ambao hakuna aliyewauliza kitu.

Tuanze na mji unaoitwa Badme. Msifikirie jiji. Ni mji mdogo wa mpakani, nchi kavu, hauna dhahabu, hauna mafuta. Mei 1998 Ethiopia na Eritrea zilianza kupigana kwa ajili yake, na hadi zinatia saini mkataba kule Algiers mwezi Desemba 2000, waliokufa walikadiriwa kufika 70,000 au zaidi. Wengi wao walikuwa vijana wa umri wenu, au waliowazidi kidogo tu.

Katika jeshi la Ethiopia palikuwa na askari mmoja kijana, kazi yake mawasiliano ya redio. Siku moja pale Badme alitoka ndani ya handaki kwa dakika chache kwenda kutafuta mahali ambapo antena ingeshika vizuri. Aliporudi, kikosi chake chote kilikuwa kimeuawa kwa mizinga. Chote. Askari yule ndiye Abiy Ahmed. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe kule Oslo, Norway, alipokwenda kuipokea Nobel Desemba 2019, na mimi namwamini. Kuna watu huzungumzia vita kwa kusoma. Yeye alikuwemo.

Sasa sikilizeni kilichofuata baada ya mkataba. Tume ya mpaka iliundwa, na Aprili 2002 ikatoa uamuzi wake: Badme ni ya Eritrea. Ethiopia haikuondoka. Basi nchi mbili zikakaa hivyo, hazipigani, hazipatani, mwaka juu ya mwaka. Simu hazipiti. Ndege hazivuki. Mtu ana mama yake Asmara, mji mkuu wa Eritrea, yeye yuko Addis Ababa, na njia ya kumsikia sauti hana. Miaka ishirini! Vijana, hakuna hata mmoja wenu humu mwenye miaka ishirini.

Tarehe 2 Aprili 2018 Abiy aliapishwa kuwa Waziri Mkuu. Siku hiyohiyo, katika hotuba yake ya kwanza, aliinyoshea Eritrea mkono. Mwezi Juni serikali yake ikatangaza kwamba inaukubali mkataba wa Algiers wote, pamoja na uamuzi juu ya Badme. Tarehe 8 Julai akapanda ndege kwenda Asmara, watu wakajaa barabarani, na kesho yake yeye na Rais Isaias Afwerki wakatia saini tamko la amani na urafiki. Hesabuni: ni siku 98 tangu aapishwe.

Simu zilipofunguliwa, watu wa Addis Ababa walianza kupiga namba zozote za Eritrea. Namba ya kubahatisha tu, ya mtu wasiyemjua, ili wamsalimu. "Haloo, mimi niko Ethiopia. Hujambo?" Tarehe 18 Julai ndege ya abiria ya kwanza iliruka kwenda Asmara, na abiria walikuwa wengi hata ikabidi ziruke mbili. Mimi niliangalia habari ile hapa Arusha kwenye televisheni ya jirani yangu, na sioni haya kuwaambia kwamba nililia.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba Abiy hakufanya kitu. Alifanya kitu ambacho waliomtangulia walikishindwa kwa miaka kumi na sita, na hakikuhitaji fedha wala silaha. Kilihitaji kiongozi wa kusema: tulishindwa kesi, tuheshimu hukumu. Ni wangapi barani kwetu wanaoweza kulitamka hilo hadharani? Aliwafungua pia maelfu ya wafungwa wa kisiasa. Aliunda baraza la mawaziri ambalo nusu yake walikuwa wanawake. Sifa alistahili, na mimi nilimsifu kwa moyo wote.

Lakini je, sifa na tuzo ni kitu kimoja?

Naomba niwapeleke kwetu Marangu kidogo. Wanaotoka Kilimanjaro wanalijua sale, lile jani refu la kijani tunalolipanda kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Jani hilohilo ndilo mtu hulichukua mkononi anapokwenda kuomba msamaha. Nilipokuwa mdogo, majirani wetu wawili waligombana kwa sababu masale ya mpaka yaling'olewa usiku. Hawakusalimiana kwa miaka. Njia ya kwenda mferejini ilipita katikati ya vihamba vyao, ikazibwa kwa michongoma, na sisi watoto tukawa tunazunguka mbali, ndoo kichwani, kila asubuhi kabla ya shule.

Krismasi moja, watu wote wamerudi nyumbani kutoka mijini, wazee waliwapatanisha. Sale lilitolewa. Mbuzi alichinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, wale wawili wakakumbatiana na wanawake wakapiga vigelegele. Bibi yangu hakupiga. Nikamuuliza, "Bibi, hukufurahi?" Akaniambia, "Nimefurahi sana, mjukuu wangu. Vigelegele nitapiga mtakapopita na ndoo." Michongoma ilikatwa wiki ileile, tukapita. Mwezi wa pili mashina yakachipua na hakuna aliyeyakata tena, na kufikia mvua za masika tulikuwa tunazunguka kama zamani. Wale wazee wawili walikuwa bado wanasalimiana vizuri kabisa. Walikuwa wanakunywa pamoja.

Turudi Ethiopia. Tarehe 11 Septemba 2018, siku ya mwaka mpya wa Kiethiopia, mpaka ulifunguliwa. Upo mji unaitwa Zalambessa, uko Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia, mpakani kabisa. Watu walivuka pale wakilia, ndugu wanakumbatiana na ndugu ambao hawakuonana tangu vita. Magari yalipita na nafaka ya teff, yakapita na saruji. Katika wiki tatu za kwanza Waeritrea karibu 10,000 waliingia Ethiopia na kuomba hifadhi, na hapo mtu makini angejiuliza: kama amani imefika, hawa wanakimbia nini?

Desemba 2018 Zalambessa ikafungwa. Bila tangazo, bila maelezo. Vivuko vingine vikafuata, na kufikia mwisho wa Aprili 2019 vyote vya barabara vilikuwa vimefungwa. Badme haikuwa imekabidhiwa. Mawe ya mpaka hayakuwa yamewekwa.

Tuzo ilitangazwa lini? Tarehe 11 Oktoba 2019.

Nataka mlishike hili, kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Watu husema, "Mwalimu, kamati ya Nobel haikuwa na ramli, ingejuaje yatakayotokea baadaye?" Ni kweli, hakuna aliyejua yatakayotokea 2020. Mimi pia sikujua. Lakini sizungumzii 2020. Nazungumzia Oktoba 2019, siku ileile mwenyekiti wa kamati, Berit Reiss-Andersen, anasimama Oslo kusoma jina. Siku ile geti la Zalambessa lilikuwa limefungwa. Lilikuwa limefungwa kwa miezi kumi. Mama wa Zalambessa aliyevuka kumwona dada yake, akaahidi kurudi, alikuwa hajarudi. Hilo halihitaji ramli. Linahitaji mtu wa kwenda kuangalia.

Na si kwamba hawakuwa na wasiwasi. Mwenyekiti alikiri mwenyewe siku ile kwamba wapo watakaoona tuzo imekuja mapema mno. Walisema kazi kubwa bado imebaki, na kwamba juhudi za Abiy zinahitaji kutiwa moyo. Kutiwa moyo! Nitalirudia neno hilo baadaye.

Kwanza nataka tuulize nani hakuwepo mezani. Hapo sina haja ya kwenda mbali, maana mji wetu huu ni shahidi.

Wazee mnakumbuka Agosti 2000. Mwalimu Nyerere alikuwa amefariki Oktoba iliyotangulia akiwa bado msuluhishi wa Burundi, na Mzee Mandela ndiye aliyepokea kazi. Tarehe 28 Agosti mkataba ulitiwa saini hapahapa Arusha. Rais Clinton alikuja. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, tuliwapanga wanafunzi kando ya barabara tangu alfajiri, na tuliamini kwamba jioni ile vita vya Burundi vimekwisha.

Havikuwa vimekwisha. Makundi mawili yaliyokuwa na bunduki msituni, FDD na FNL, hayakusaini. Watu waliendelea kufa, na kambi za Kigoma ziliendelea kupokea wakimbizi. FDD waliingia katika makubaliano mwaka 2003 kule Dar es Salaam, na FNL wakachelewa zaidi. Je, Arusha ilikuwa bure? Hapana, hata kidogo! Bila Arusha yasingekuwepo yale ya 2003. Ila ilikuwa mlango, na sisi tuliudhania nyumba. Na niseme hapa, kwa uchungu, kwamba Mwalimu aliyeibeba kazi ile hadi ikamkuta mauti hakupewa Nobel ya amani. Sijawahi kusikia kwamba alikuwa akiisubiri.

Sasa itazameni ramani ya Ethiopia na Eritrea. Sehemu kubwa ya mpaka ule iko Tigray. Badme ilikuwa ikitawaliwa na Tigray. Zalambessa ni Tigray. Waliokuwa wameuishi mpaka kwa miaka ishirini, waliopoteza mashamba na watoto, ni wao. Katika tamko la Asmara walikuwa wapi? Viongozi wawili waliongea, wakakumbatiana, wakasaini karatasi yenye hoja tano. Watigray walisikia redioni kama sisi. Chama cha Watigray, TPLF, kilichoishika serikali ya Ethiopia tangu 1991, kilikuwa kimeng'olewa madarakani na kimejikunyata Mekelle, mji mkuu wa Tigray, kina hasira. Isaias alikuwa adui yake wa siku nyingi. Watu wa Tigray walijiuliza kama amani hii ni ya mataifa mawili, au ni ya wanaume wawili walio na mtu mmoja wasiyempenda.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 2020 vita vilianza Tigray. Na nani aliyevuka mpaka kuingia? Jeshi la Eritrea. Mpaka ambao mama wa Zalambessa alizuiwa kuuvuka akiwa na kikapu, majeshi yaliuvuka na vifaru. Kwa miezi serikali zote mbili zilikana, hadi Machi 2021 Abiy alipokiri bungeni. Mashirika ya haki za binadamu yakaandika jinsi mamia ya raia walivyouawa na askari wa Eritrea katika mji mtakatifu wa Aksum mwishoni mwa Novemba 2020. Zalambessa yenyewe ikabaki magofu. Makadirio ya waliokufa katika vita vile yanapishana, ila Olusegun Obasanjo, aliyekuwa msuluhishi wa Umoja wa Afrika, alitaja watu 600,000.

Vilisimamishwa tarehe 2 Novemba 2022 kule Pretoria, mbele ya Obasanjo, Uhuru Kenyatta na Phumzile Mlambo-Ngcuka, kisha makamanda wakakutana Nairobi siku kumi baadaye kupanga utekelezaji. Eritrea haikuwepo mezani. Mnaona? Tena kuna asiyekuwepo mezani.

Sasa nalirudia lile neno, kutiwa moyo. Wanaoitetea tuzo ya mapema wana hoja, na mimi siidharau. Wanasema kiongozi anayeanza safari ngumu huwa na maadui nyumbani, na jina kubwa la Nobel humpa nguvu. Wanamtaja Juan Manuel Santos, aliyekuwa Rais wa Kolombia. Tarehe 2 Oktoba 2016 wananchi wake waliukataa kwa kura mkataba wa amani na waasi, siku tano baadaye akapewa tuzo, na kabla mwaka haujaisha mkataba uliorekebishwa ukapita. Ni kweli, pale ilisaidia. Lakini tazameni nini kilichokuwa mezani: miaka minne ya mazungumzo Havana, waathirika wa vita wamesikilizwa, mkataba wa mamia ya kurasa umewekwa hadharani, kila mtu ameusoma na kuubishia. Kamati ilikuwa na kitu cha kukitia moyo. Asmara palikuwa na tamko la hoja tano, na yaliyokubaliwa zaidi ya hayo wananchi wa nchi zote mbili hawakuonyeshwa.

Na Barack Obama je? Upande huu wa dunia tulifurahi, maana baba yake ni wa Kogelo. Aliapishwa tarehe 20 Januari 2009, na mwisho wa kupokea majina ya wapendekezwa ulikuwa tarehe 1 Februari. Siku kumi na mbili! Alikuwa ametoa hotuba nzuri Prague na Cairo kabla tuzo haijatangazwa, hotuba nzuri kweli. Lakini siku tisa kabla ya kuipokea alikuwa ametangaza kupeleka askari 30,000 zaidi Afghanistan. Yeye mwenyewe alisema Oslo kwamba yuko mwanzoni mwa kazi yake, hayuko mwishoni. Namheshimu kwa kulisema hilo. Ilipasa lisemwe na waliompa.

Ubaya wa kumtia moyo mtu kwa tuzo hii ni kwamba haina hatamu. Kanuni za Nobel haziruhusu kuinyang'anya. Januari 2022, vita vikiwa vimepamba moto, kamati ilitoa tamko kwamba Abiy, akiwa Waziri Mkuu na mshindi wa tuzo, ana wajibu wa pekee wa kukomesha mapigano. Hilo tu ndilo lililowabakia, tamko. Na mwenye nishani hupewa muda zaidi wa kuaminiwa. Alipokwenda Oslo alikataa maswali ya waandishi wa habari, na sherehe ikaendelea. Vita vilipoanza, wangapi walisema "huyu ni mtu wa Nobel, tumpe nafasi, anajua anachokifanya"? Nilisema mimi. Ndiyo, mimi ninayesimama hapa nilisema hivyo kwa wiki nzima, katika chumba cha walimu, na nimelijutia kila nilipoona picha za Tigray.

Walimu wenzangu, wapo waliopewa tuzo hiyohiyo na hakuna aliyeuliza kama ni mapema. Wangari Maathai alianza kupanda miti na akina mama mwaka 1977, akapigwa, akafungwa, akapewa 2004. Daktari Denis Mukwege alifungua hospitali ya Panzi pale Bukavu, Kongo, mwaka 1999, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili hikihiki, akawatibu wanawake waliobakwa vitani, akapewa 2018, mwaka mmoja tu kabla ya Abiy. Ungetaka kujua kazi yao ungekwenda ukaiona. Miti ipo. Wodi zipo. Waliotibiwa wapo, wanasema wenyewe.

Kwa viongozi wa nchi ugumu ni mkubwa zaidi, kwa sababu kesho bado wana jeshi. Ndiyo maana mimi naipenda kanuni moja ya tuzo ya Mo Ibrahim, ile ya viongozi wa Afrika waliotawala vizuri: hupewi ukiwa bado ikulu. Lazima uwe umeondoka, kwa katiba, na hujapita miaka mitatu. Wa kwanza alikuwa Joaquim Chissano mwaka 2007. Aliichukua Msumbiji ikiwa vitani, akaufikia mkataba wa Roma wa 1992, akaitawala katika amani, kisha akaondoka bila kugombea tena. Tuzo ilimkuta akiwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa katika mgogoro wa kaskazini mwa Uganda. Na kuna miaka mingi tuzo ile haikumpata mtu, wakasema hivyo hadharani, na mbingu haikuanguka.

Kijana wangu uliyeniuliza, nakuona, umekaa safu ya tatu. Umesubiri jibu lako mwezi mzima. Kwa mkono alioutoa Julai 2018, ningemwandikia barua ya shukrani, na ningeiandika hata leo bila kufuta neno. Kuhusu tuzo, ningekuwa mmoja wa wale watano wa Oslo asubuhi ile ya Oktoba 2019, ningesema jina libaki mezani. Halafu ningemwomba mmoja wetu apande ndege hadi Mekelle, achukue gari hadi Zalambessa, asimame pale asubuhi moja, na atupigie simu kutuambia kama kuna mama yeyote anayepita na kikapu chake.